Usichague punje nono, chagua mstari: namna ya kujitengenezea maharage yanayozaa kweli

Mama yangu kila msimu kabla ya kupanda alikuwa anakaa barazani na ungo, anamwaga maharage, anachambua punje moja moja, zile nono zinaenda kwenye ndoo ya mbegu na zile nyembamba zinaenda jikoni. Kafanya hivyo zaidi ya miaka ishirini na maharage ya mwaka wa ishirini yalikuwa yale yale ya mwaka wa kwanza, hayajanenepa hata kidogo. Sababu nilikuja kuijua baadaye sana, nilipoanza kushika daftari na mzani, na ndo maana nimeamua kuandika haya maana naona saivi watu wengi wanataka kujichagulia mbegu yao wenyewe ya maharage afu wanarudia lile lile la ungo.

Mi niko Nyanda za Juu Kusini kwa hiyo mifano yangu ni aina za maharage za huku, kablanketi, soya njano (ni harage, sio soya yenyewe) na mchanganyiko, ila ukiwa na kunde, choroko au dengu njia ni hii hii kwa sababu zote zinajichavusha zenyewe. Mbaazi iacheni pembeni kwanza, ile nyuki wanaichanganya sana, ukiifuatisha hivi bila kufunika maua utajikuta unachagua kitu ambacho baba yake humjui.

HATUA YA 1: Hakikisha una kitu cha kuchagua

Kuna mzee mmoja wa Denmark anaitwa Wilhelm Johannsen, mwaka 1903 alitoa kazi yake juu ya maharage aina ya Princess. Alichukua mistari 19, yaani kila mstari ni uzao uliotokana na punje moja, akapima uzito. Mstari wenye punje kubwa ulikuwa na wastani wa kama gramu 0.64 kwa punje na ule wa punje ndogo kama 0.35, tofauti kubwa kabisa. Sasa akaingia ndani ya mstari mmoja mmoja, akachagua punje kubwa kabisa na ndogo kabisa, akazipanda kwa vizazi kadhaa. Hamna kilichobadilika. Watoto wa punje nono na watoto wa punje nyembamba wa mstari ule ule walitoka sawa tu. Ni huyo huyo ambaye mwaka 1909 alituletea neno jeni.

Maana yake kwetu ni hii. Harage linajichavusha, kwa kawaida chini ya asilimia 5 ndo linachanganyika na jirani, kwa hiyo aina moja ikishapandwa miaka mingi bila kuchanganywa kila mche ni pacha wa mwenzake. Punje moja ikiwa nono kuliko nyingine ni kwa sababu ilikaa ganda la chini, au mche wake uliota kwenye samadi, au jirani yake alikufa akaachiwa nafasi. Hiyo haiendi kwa mtoto. Mama alikuwa anachagua samadi, sio mbegu!

Kwa hiyo kabla hujaanza kuchagua jiulize, huo mzigo wangu una mchanganyiko wa kweli ndani yake au ni pacha watupu? Gunia la mbegu iliyothibitishwa, aina moja, hilo achana nalo, hamna kitu humo cha kuchagua. Gunia la mchanganyiko, lile lenye punje za njano, zambarau, mistari, madoadoa, hilo ni mali. Kagera, Burundi na Rwanda watu wamekuwa wakipanda mchanganyiko vizazi na vizazi, na hata kwenye kablanketi ya kijijini ambayo kwa macho unaona ni moja, mara nyingi ndani yake kuna mistari kadhaa imejificha. Chukua kilo moja kwa jirani huyu, kilo kwa yule, nyingine soko la wilaya ya pili, nyingine uliza kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kilicho karibu (Uyole kwa huku kwetu, Selian kwa kaskazini). Usizimwage pamoja. Kila moja mfuko wake na jina la ilikotoka.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba maharage yote duniani yana koo mbili kubwa. Yalitolewa porini na kuanza kulimwa mara mbili tofauti, upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, na upande wa milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, afu ndo yakavuka bahari. Yale ya Andes kwa kawaida yana punje kubwa, uzito wa punje 100 unapita gramu 40, na haya ndo tunayoyapenda sisi, kablanketi, rosekoko na wenzake. Yale ya Meksiko ni madogo hadi ya kati, chini ya gramu 25 ndo wanayaita madogo, kati ya 25 na 40 ni ya wastani, ila mengi yanabeba maganda mengi na yanavumilia ukame vizuri. Hifadhi kubwa kuliko zote ya maharage iko Palmira, Kolombia, ina sampuli zaidi ya 37,000, kwa hiyo mtu akikwambia maharage yameshaisha kuboreshwa mcheke tu.

HATUA YA 2: Chagua miche, na usichague ya pembeni

Hapa nilipigwa mimi. Msimu wangu wa kwanza nilitembea shambani nikafunga utepe mwekundu kwenye miche 40 iliyonona kuliko yote, nikajiona mtaalamu. Mwaka uliofuata mistari yao ilikuwa ya kawaida, mingine ya hovyo. Nikarudi kuangalia ramani niliyochora kwenye daftari, kumbe miche 26 kati ya 40 ilikuwa upande wa zizi la ng'ombe na kando ya njia ambako hamna wa kugombania nae jua.

Dawa yake ni rahisi. Gawa shamba kwa kamba au kwa hatua, vipande vya kama mita 5 kwa 5. Ondoa kabisa mistari miwili ya pembeni pande zote. Ndani ya kila kipande chagua miche miwili mitatu tu inayozidi wenzake wa kipande hicho hicho, hata kama kipande chenyewe ni cha udongo mbaya. Mche wenye maganda 11 mahali ambapo wenzake wana 6 una maana kuliko mche wenye maganda 20 mahali ambapo wenzake wana 19. Pia chagua mche ambao una majirani pande zote, usichukue ule ambao pembeni yake kuna pengo.

Lenga kupata miche 80 mpaka 100. Ng'oa mche mzima, funga, kausha, pukuchua mmoja mmoja kwa mkono, bahasha yake, namba yake. Andika kwa PENSELI. Marka peni inafutika na jua na bolpeni inayeyuka na mvua, penseli itakaa, usibishane na mimi hapa.

Miche yenye majani yenye mabaka ya kijani kilichopauka na kujikunja kwenda chini iache hata kama imebeba sana, hiyo ni virusi vya batobato na vinasafiri ndani ya mbegu, utaviingiza kwenye kila kitu.

HATUA YA 3: Mche mmoja, mstari mmoja

Msimu unaofuata kila bahasha inapata mstari wake. Punje 20 mpaka 30, sentimita 10 kati ya punje na punje, sentimita 50 kati ya mstari na mstari, na kila baada ya mistari 10 unaweka mstari wa aina unayoijua tayari, mfano Njano Uyole au kablanketi ile ile uliyokuwa unalima. Huo ndo mzani wako. Bila huo huwezi jua kama mstari namba 63 ni mzuri au ardhi ya pale tu ndo nzuri.

Hii hatua ndo ile aliyoifanya Johannsen, unaacha kumwangalia mtu mmoja unaangalia ukoo wake. Mche ambao ulinona kwa samadi, wanawe 25 wakiwekwa pamoja kwenye mstari wanaumbuka. Mche ambao ulikuwa mzuri kwa damu, mstari mzima unasimama.

Usipime sana kwenye hatua hii. Tembea mara tatu: wakati wa maua, wakati maganda yanajaa, na siku mbili tatu kabla ya kuvuna. Kata kata bila huruma. Mstari wenye madoa pembe mengi, toa. Uliolala chini maganda yanagusa udongo, toa. Ulio na miche ya aina mbili tatu ndani yake (maua meupe na ya zambarau kwenye mstari mmoja) maana yake mama yake alichanganywa na nyuki, huo usiutupe, weka pembeni, una mambo ndani yake. Kutoka 100 baki na 20 hivi.

HATUA YA 4: Pima sifa zinazojenga mavuno

Watu wanasema aina hii inazaa kana kwamba kuzaa ni kitu kimoja. Kuzaa ni kuzidisha:

idadi ya miche × maganda kwa mche × punje kwa ganda × uzito wa punje

Tupige mfano. Hekta moja kwa sentimita 50 kwa 10, punje moja kwa shimo, ni miche 200,000. Kila mche maganda 10, kila ganda punje 4, kila punje gramu 0.4. Inakuja kilo 3,200. Sasa shamba la kawaida la kijijini, nusu ya miche imeliwa na funza wa inzi wa maharage au haikuota, imebaki 100,000, maganda 6, punje 3 zilizojaa, uzito ule ule gramu 0.4. Kilo 720. Angalia vizuri, punje ina uzito ule ule! Yaani ungo wa mama ungekuonyesha mashamba haya mawili ni sawa.

Vitu vya kupima basi, na namna ya kuvipima:

- Siku za kutoa maua: hesabu kuanzia siku ya kupanda (au siku ya mvua kama ulipanda kwenye vumbi) mpaka nusu ya miche kwenye ploti (kieneo cha mstari mmoja, nitakieleza hatua ya 5) iwe na ua angalau moja.
- Miche iliyofika mwisho: hesabu siku ya kuvuna. Watu wengi wanaruka hii, afu wanashangaa namba hazieleweki.
- Maganda kwa mche: chukua miche 10 ya katikati ya ploti, sio mizuri kumi, ni kumi inayofuatana, hesabu maganda yenye angalau punje moja iliyojaa.
- Punje kwa ganda: maganda 20 bila kuchagua, hesabu punje, gawa kwa 20.
- Uzito wa punje 100: hesabu mia, pima, rudia mara tatu chukua wastani. Mzani wa jikoni wa gramu moja moja unatosha kwa kuanzia, ila ule wa sonara ni bora.
- Mavuno ya ploti nzima: baada ya kukauka. Pima yote siku moja, sio hii leo na ile wiki ijayo baada ya mvua.

Kujua kama zimekauka, chukua chumvi kavu kabisa kidogo, tia kwenye chupa kavu ya glasi pamoja na maharage, tikisa dakika chache uache itulie, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa bado yana maji, rudisha juani.

Sasa jambo ambalo linawachanganya wengi. Hizi sifa zinanyang'anyana. Ukichagua maganda mengi sana unakuta punje zimepungua uzito, ukichagua punje kubwa sana unakuta maganda yamepungua, kwa sababu chakula mche unachotengeneza ni kile kile na kinagawanywa. Kwa hiyo mtu anayekimbilia sifa moja tu mwisho wa siku anarudi pale pale kwenye kilo za ploti. Mi naangalia maganda kwa mche kwanza kwa sababu hapo ndo mavuno yanapoyumba zaidi, afu naweka mpaka kwenye uzito, mfano haishuki chini ya gramu 38 kwa punje 100 kwa sababu soko la huku halitaki punje ndogo. Ndani ya mpaka huo ndo nachagua.

HATUA YA 5: Rudia mara tatu, afu piga hesabu

Hii hatua ndo inayotenganisha mboreshaji wa mbegu na mtu mwenye bahati, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Una mistari 20. Gawa eneo lako vipande vitatu vikubwa, kila kipande kiwe kinafanana ndani yake (kama shamba lina mteremko, kipande cha juu, cha kati, cha chini, usikate kushuka na mteremko). Kila kipande kinabeba mistari yote 20, kila mstari na ploti yake moja yenye safu tatu au nne za mita 3. Mpangilio ndani ya kipande ni wa bahati nasibu: andika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye sufuria, muite mtoto achomoe. Usipange kwa akili yako, mkono wako unapenda kuweka ule unaoupenda mahali pazuri bila wewe kujua.

Baada ya kuvuna ingiza data kwenye Eksel, mistari kwenda chini, vipande vitatu kwenda pembeni, afu endesha ile ANOVA (hesabu ya kutenganisha vyanzo vya utofauti) ya vigezo viwili isiyo na marudio. Itakupa jedwali, angalia safu ya MS, yaani wastani wa miraba, kipimo cha ukubwa wa utofauti. Unahitaji namba mbili tu, MS ya mistari na MS ya makosa. Makosa maana yake ni yale mabadiliko ambayo hayaelezwi na mstari wala kipande, ni ardhi, ni panya, ni mkono uliohesabu vibaya.

Utofauti wa damu = (MS ya mistari − MS ya makosa) ÷ 3
Utofauti unaoonekana = utofauti wa damu + MS ya makosa
Kiwango cha kurithiwa = utofauti wa damu ÷ utofauti unaoonekana

Mfano wa namba nilizotunga ili hesabu iwe rahisi. Uzito wa punje 100, wastani gramu 38, MS ya mistari 95, ya makosa 5. Utofauti wa damu ni 90 ÷ 3 = 30. Unaoonekana ni 35. Kiwango cha kurithiwa 30 ÷ 35, karibu asilimia 86. Safi sana, unachokiona ndo kilichopo.

Maganda kwa mche, wastani 12, MS ya mistari 14, ya makosa 8. Utofauti wa damu 6 ÷ 3 = 2. Unaoonekana 10. Kiwango cha kurithiwa asilimia 20 tu! Yaani kwenye tofauti kumi unazoziona kati ya ploti na ploti, mbili ndo za damu na nane ni za ardhi na bahati.

Hivi ndivyo inavyokuwa kwenye maharage mara nyingi, uzito wa punje na siku za maua vinarithiwa vizuri, maganda na mavuno yenyewe yanarithiwa kwa shida. Ndo maana uzito wa punje unaweza kuuchagua mapema kabisa hata kwenye vizazi vya mwanzo, ila mavuno subiri mpaka uwe na marudio.

Na marudio yanasaidiaje? Ukitumia wastani wa vipande vitatu badala ya ploti moja, makosa yanagawanywa kwa 3. Yale maganda sasa yanakuwa 2 ÷ (2 + 8/3), karibu asilimia 43. Ukifanya marudio 6, misimu miwili yenye vipande vitatu vitatu tuseme, 2 ÷ (2 + 8/6) ni asilimia 60. Mbegu ni zile zile, jeni ni zile zile, ila macho yako yamekuwa makali mara tatu. (Misimu miwili ina faida ya ziada, mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame havipendi mstari mmoja, kwa hiyo unaosimama miaka yote miwili ndo wako.)

Wengine wanapenda kuangalia pia mgawo wa utofauti kwa asilimia. Chukua kipeuo cha pili cha utofauti wa damu, gawa kwa wastani, zidisha kwa 100. Punje: kipeuo cha 30 ni 5.48, ÷ 38, asilimia 14.4. Maganda: kipeuo cha 2 ni 1.41, ÷ 12, asilimia 11.8. Ukifanya hivyo hivyo kwa utofauti unaoonekana unapata 15.6 kwa punje na 26.4 kwa maganda. Angalia pengo. Kwenye punje namba mbili zimekaribiana, kwenye maganda ile inayoonekana ni zaidi ya mara mbili ya ile ya damu. Pengo likiwa kubwa hivyo ujue shamba linakudanganya.

Afu onyo, ukisoma machapisho utakuta wanatabiri faida ya uchaguzi kwa kuzidisha na 2.06. Hiyo namba ni ya kuchagua asilimia 5 bora. Asilimia 5 ya mistari 20 ni mstari MMOJA. Kama unabakiza minne kati ya 20 tumia 1.40. Nimeona watu wamejiahidi makubwa kwa kunakili 2.06 tu.

HATUA YA 6: Ukitaka kitu kipya, chavusha kwa mkono

Mpaka hapa umechagua kilichokuwepo. Kuna siku utakuta mstari unaozaa sana ila rangi haiuziki, na mwingine wenye rangi nzuri unaokufa kwa chule. Hapo unawaozesha.

Kifaa ni kibanio cha nyusi, kile cha saluni, chenye ncha kali. Asubuhi na mapema. Kwenye mche mama tafuta tumba lililonona ambalo lingefunguka kesho, limeanza kuonyesha rangi ila bado limefumba. Likishafunguka umechelewa, limeshajichavusha. Fungua petali kubwa ya nje taratibu kwenye mshono wake, sukuma zile mbili za pembeni kushuka, ndani utaona kitu kimejikunja kama konokono. Bonyeza bawa la kushoto kidogo (mabawa ndo zile petali mbili za pembeni), unyayo wa ua wenye manyoya (stigma, sehemu inayopokea chavua) unachungulia kutoka kwenye ile konokono. Kwa baba chukua ua lililofunguka leo, bonyeza mabawa yake, unyayo wake unatoka umejaa vumbi la njano. Ukate na kibanio, ulete, ushikize kwenye unyayo wa mama kama ndoano mbili zinavyoshikana. Rudishia petali kubwa ifunike. Funga uzi wa rangi. Toa matumba mengine yote ya kifundo hicho ili yasishindane.

Siku nne tano hivi utaona kiganda kidogo, au utakuta limedondoka, na mengi yatadondoka, usikate tamaa, siku za kwanza mi nilifunga nyuzi 30 nikavuna maganda 4.

Sasa msikilize hii kwa makini maana imewafanya watu watupe mbegu nzuri. Punje utakayovuna itakuwa na rangi ya MAMA. Ganda la nje la punje ni mwili wa mama, sio wa mtoto. Umechavusha mama mweupe na baba mwekundu, punje inatoka nyeupe, unasema imeshindikana. Haijashindikana. Panda ile punje, angalia ua: kama mama ana maua meupe na baba ya zambarau, mtoto wa kweli atatoa maua ya zambarau. Akitoa meupe, ulikosea, alijichavusha. Kwa hiyo kila unapoweza mfanye mwenye maua meupe kuwa mama, unapata kipimo cha bure.

Tahadhari ya pili, ukichanganya koo zile mbili nilizosema, punje kubwa ya Andes na punje ndogo ya Meksiko, kuna wakati mtoto anadumaa kabisa, majani ya njano, mizizi haiendi, anakufa kabla ya maua. Sio ugonjwa wala sio laana, ni jeni mbili, moja kila upande, zisizopatana zikikutana. Badilisha mzazi mmoja tu jaribu tena.

HATUA YA 7: Vizazi vya kutulia

Mtoto wa kwanza, F1, usimchague, vuna vyote. F2, yaani watoto wa F1, ndo sarakasi inaanza, kila mche na sura yake. Panda mingi kadiri ya eneo. Kama unatafuta sifa tatu za kificho (zile zinazoonekana tu mche ukizirithi pande zote mbili) zikutane kwenye mche mmoja, uwezekano ni mche 1 kati ya 64, kwa hiyo F2 ya miche 30 ni kamari.

Kila kizazi kinachojichavusha kinapunguza nusu ya ule mchanganyiko wa ndani: F2 asilimia 50, F3 25, F4 12.5, F5 6.25, F6 karibu 3. Kwa hiyo F2 na F3 chagua vitu vya kurithiwa kirahisi tu, ukubwa wa punje, siku za maua, magonjwa yanayoonekana, umbo la mche. Mavuno usiyaguse. Ukifika F5 au F6 rudi hatua ya 3 na uendelee kama kawaida. Maharage ya kichaka yanakaa siku 75 mpaka 90 hivi shambani, ukiwa na maji ya kumwagilia vizazi viwili kwa mwaka vinawezekana bila kubanana.

HATUA YA 8: Sufuria na sheria

Kabla ya kutangaza ushindi pika. Nusu kilo ya mstari wako na nusu kilo ya kablanketi, loweka muda sawa, majiko mawili ya mafiga, kuni za aina moja, andika dakika. Nilikuwa na mstari uliopita wote kwa kilo, namba 17, mama mmoja jirani akaupika akanirudishia bakuli akasema mwanangu haya mpelekee ng'ombe, mchuzi umekuwa kama maji ya udongo na bado yanaruka mdomoni. Namba 17 saivi ni mzazi tu wa kuchavushia wengine.

Kulima mwenyewe na kubadilishana na jirani ni jambo moja, kuuza kama mbegu ni jingine. Ukitaka kuuza lazima upite TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, aina ipimwe kama ni ya pekee, inafanana yenyewe kwa yenyewe na haibadiliki, pia ijaribiwe maeneo tofauti kabla ya kupitishwa. Ukishafika na data zako za misimu kadhaa nenda kituo cha TARI au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) uongee nao mapema, watakuelekeza njia fupi kuliko wewe kuhangaika peke yako, na hapo lile daftari la penseli litakuwa na thamani kuliko gunia.

Kuhifadhi: chupa za plastiki za maji, kavu kabisa, jaza mpaka shingoni usiache hewa, kaza kifuniko, wadudu wanaokula maharage wanakosa pumzi. Kikaratasi cha namba kimoja ndani na kimoja nje. Na kila mstari weka chupa ya pili nyumba nyingine, kwa dada, kwa shemeji, popote, mi nilipoteza mistari 9 kwa sababu mgeni alikuja usiku, jikoni hamna kitu, na chupa zangu zilikuwa juu ya kabati.